Virusi vya Wengi, Saratani ya Wachache

Nimeombwa kuzungumza juu ya saratani zinazotokana na virusi, na juu ya watu wanaozaliwa na kinga isiyoweza kupambana na virusi hivyo. Mada ni pana kuliko muda tulio nao. Nitakaa zaidi pale ninapoona tumepungukiwa, na kwingine nitapita haraka.

Karibu kila mtu mzima aliyeketi humu ana virusi vya Epstein-Barr mwilini. Duniani kote, zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi wanavyo. Vinapita kwa mate: mama anapomtafunia mtoto chakula, watoto wanapopokezana kijiko au muwa uliokwisha kumung'unywa. Vikishaingia, vinajificha ndani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe B, na havitoki tena mpaka tunazikwa navyo. Wengi wetu hatukuhisi chochote siku vilipoingia. Lakini virusi hivyo hivyo vinapatikana ndani ya uvimbe unaowaharibu watoto taya na kuwaua wasipotibiwa upesi. Basi swali la jioni hii ni lile wanalouliza wazazi wodini, nalo ni swali la haki kabisa: kama sote tunavyo, kwa nini mwanangu?

Habari hii ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwa sababu usaha wa jino huvimbisha upande mmoja, na saratani ya mfupa nayo huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye sura ile ile. Alipompima alikuta uvimbe hata tumboni. Kuanzia hapo alianza kukusanya kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza.

Waliowahi kumhudumia mtoto wa namna hiyo wanajua dalili inayotangulia, nami ningependa kila mzazi na kila mwalimu wa shule ya awali aijue. Jino la nyuma la mtoto wa miaka mitano au sita, ambalo bado halijafikia wakati wa kung'oka, linalegea. Ukiligusa kwa kidole linacheza ndani ya ufizi kana kwamba halina mzizi. Ufizi unaonekana umejaa, shavu linaanza kutuna, mate yanachuruzika kwa sababu mdomo haufungi sawasawa. Uvimbe huu unakua kwa kasi kuliko karibu saratani zote tunazozifahamu. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto anayepelekwa kung'olewa jino, akarudishwa nyumbani, kisha akaletwa tena baada ya mwezi, anakuja akiwa mgonjwa mwingine kabisa.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda kusini mwa bara na kurudi, mwendo wa kilomita zipatazo 16,000. Walipita hospitali hadi hospitali wakiwaonyesha madaktari picha na kuuliza kama uvimbe ule unajulikana huko. Walirudi na ramani. Katika nyanda za juu zenye baridi ugonjwa haukuwepo. Kwenye tambarare zenye joto na mvua ulikuwepo. Ajabu ilikuwa Unguja na Pemba. Joto na mvua vipo, lakini uvimbe ulikuwa adimu, na kampeni ya malaria ilikuwa imeupunguza sana ugonjwa huo visiwani. Nitairudia hoja hiyo.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Walikubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitafuta virusi ndani ya vipande hivyo asione kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester, na kifurushi kikachelewa kufika. Kilipofunguliwa, maji yaliyokuwa ndani ya kichupa yalikuwa yamegeuka kuwa na utusitusi. Mtafiti mwenye haraka angeyamwaga, maana utusitusi kwa kawaida ni bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akaona chembe nzima za uvimbe, hai, zimeachana na nyama na zinaelea. Chembe hizo walizikuza, na Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi.

Furaha ilikuwa kubwa, kisha ikaja taarifa iliyowachanganya watu. Huko Philadelphia, Werner na Gertrude Henle walitengeneza kipimo cha kutafuta kingamwili za virusi hivi katika damu. Walizikuta kwa watoto wa Uganda, ndiyo. Walizikuta pia kwa Wamarekani wenye afya zao, wasiojua Uganda iko wapi. Mwaka 1967 msaidizi wao wa maabara, ambaye damu yake haikuwa na kingamwili hizo, aliugua homa ya tezi inayowashika vijana huko Ulaya na Marekani. Alipopona, damu yake ilikuwa nazo. Virusi vilivyotafutwa katika uvimbe wa watoto wa Kiafrika vikaonekana kuwa ni vya ulimwengu mzima. Kwa hiyo kuwepo kwa virusi peke yake hakutoshi kueleza ni nani ataugua. Lazima kuna kitu kingine, ama katika mazingira ya mtoto, ama ndani ya mtoto mwenyewe.

Katika mazingira, jibu kubwa ni malaria, kama Unguja na Pemba zilivyodokeza. Malaria ya kurudiarudia inazichochea chembe B zigawanyike bila kupumzika, na papo hapo inazidhoofisha zile chembe T zinazopaswa kuvidhibiti virusi. Mtoto wa kando ya Ziwa Victoria hupata virusi vya Epstein-Barr akiwa mdogo sana, mara nyingi kabla hajatimiza mwaka, na malaria ikamkuta hapo hapo. Watafiti walijaribu kulithibitisha jambo hili katika Mara Kaskazini, Tanzania, eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Shirati. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto walio chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini. Limfoma ya Burkitt, jina la uvimbe ule wa watoto, ilishuka hadi kiwango cha chini kuliko kilichowahi kuandikwa mahali pale, kisha ikapanda tena. Ila watafiti walikuwa waungwana: walieleza kwamba ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, hivyo jaribio halikufunga mjadala.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja kwa njia ya urithi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu waliorithi jeni moja tu ya selimundu, wale tunaowaita wabebaji, wanakingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na ni adimu milimani. Sasa fikirieni: ikiwa malaria inachangia limfoma, basi mtoto aliyerithi kinga dhidi ya malaria anapaswa kuwa na limfoma kidogo zaidi. Wazo hili lilijaribiwa tangu miaka ya 1960 kwa sampuli ndogondogo zilizotoa majibu ya kupingana. Kati ya 2010 na 2016, utafiti uitwao EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania ukiongozwa na mwanasayansi Mganda Sam Mbulaiteye, ulikusanya damu ya watoto zaidi ya 800 wenye limfoma na ya maelfu wasio nayo. Jibu safari hii lilitoka wazi: wabebaji wa jeni ya selimundu wanaugua limfoma ya Burkitt kwa uchache zaidi.

Nimeanza habari za urithi na mfano huu kwa makusudi. Tukisikia neno kurithi tunafikiria mabaya tu, kumbe kilichorithiwa kinaweza kumwokoa mtoto. Na jeni hiyo hiyo, akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, inamletea ugonjwa wa selimundu. Mwili hautoi zawadi bila masharti.

Hapa nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku, hata na wasomi. Ndani ya uvimbe wa Burkitt kuna hitilafu ya kromosomu: kipande cha kromosomu namba 8 kimekatika kikaungana na nyingine, mara nyingi namba 14, na jeni iitwayo MYC, inayoamrisha chembe kugawanyika, ikabaki imewaka wakati wote. Hiyo ni hitilafu ya jeni, lakini haikurithiwa. Ilitokea katika chembe moja ya mtoto huyo baada ya kuzaliwa. Wazazi wake hawana, ndugu zake hawana, naye akipona hatawapa watoto wake. Kila saratani ina hitilafu za jeni kwa maana hii. Urithi ninaouzungumzia sasa ni mwingine: ni kasoro iliyomo katika kila chembe ya mwili tangu siku ya kutungwa mimba, inayoidhoofisha kinga yenyewe.

Mwaka 1975 daktari wa patholojia David Purtilo na wenzake walichapisha habari za ukoo mmoja wa Marekani. Wavulana sita wa ukoo huo walikuwa wamekufa. Wengine walikufa kwa ile homa ya tezi ambayo kwa vijana wengi hupita yenyewe, wengine kwa saratani ya tezi. Dada zao hawakuguswa. Wavulana hao walikuwa wamekua vizuri. Surua ilikuja ikapita, mafua yalikuja yakapita. Siku walipokutana na virusi vya Epstein-Barr, miili yao ilishindwa. Chembe za kinga zilijaa kila mahali bila mpangilio, zikashambulia ini na uboho, na virusi vikabaki palepale.

Mwaka 1998 jeni yenyewe ilipatikana. Inaitwa SH2D1A, nayo imo katika kromosomu X. Kazi yake ni kutengeneza protini ndogo ambayo chembe za kuua huihitaji ili zimtambue adui aliyejificha ndani ya chembe B na kumwangamiza. Virusi vingine vingi havijifichi humo, kwa hiyo njia nyingine za kinga zinatosha. Epstein-Barr vimechagua makazi pale pale ambapo mvulana huyu hana silaha. Baada ya hapo zimegunduliwa jeni nyingine, ITK, MAGT1, CD27, CD70, ambazo kila moja ikiharibika huacha pengo karibu na hilo hilo. Kurithi mojawapo ni kama kurithi nyumba yenye mlango usiofunga: mwenye nyumba hajaibiwa, na anaweza kuishi humo salama kwa muda, lakini anapaswa kujua hali ya mlango wake kabla mwizi hajapita.

Ugonjwa huu wa SH2D1A ni adimu sana. Huko ulikohesabiwa, unakadiriwa kwa mvulana mmoja katika milioni. Mtaniuliza kwa nini ninawachosha nao. Nina sababu, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Mvulana ana kromosomu X moja tu, na ameipata kwa mama yake. Mama anayebeba kasoro hiyo ana X ya pili iliyo nzima, kwa hiyo ni mzima wa afya na hana dalili ya kumshtua. Kila mwanawe wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kila binti ana uwezekano huo huo wa kuwa mbebaji kama mama. Baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume kasoro hii, kwa sababu anampa kromosomu Y. Basi ukitaka kuiona alama ya ugonjwa huu katika familia usitazame upande wa baba. Tazama wajomba. Tazama watoto wa kiume wa mama wakubwa na mama wadogo.

Sasa jiulizeni historia ya familia inavyochukuliwa kwetu. Daktari anauliza, "Katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa namna hii?" Katika jamii zetu nyingi ukoo ni wa baba. Anayejibu ni baba kama yupo, au shangazi aliyemsindikiza mgonjwa, naye anapitia babu, baba wadogo, na watoto wao. Anajibu kwa uaminifu kabisa: hakuna. Mama ameketi pembeni, amempakata mtoto. Yeye anawakumbuka kaka zake, lakini hakuna aliyemuuliza, na ukoo wake kwa hesabu ya hapo si ukoo wa mtoto.

Tuseme muuguzi anageuza karatasi, anachukua kalamu, na kumwelekea mama mwenyewe. "Mama, kwenu mlizaliwa wangapi?" Saba. Anachora miraba kwa wanaume na duara kwa wanawake, saba kwa mstari mmoja. "Wote wapo?" Hapana, wawili walifariki. "Wa kiume au wa kike?" Wa kiume. "Wakiwa na umri gani?" Mmoja alikuwa anaanza kusema, mwingine alikuwa chekechea. "Waliugua nini?" Mmoja homa kali, mwili ukawa wa njano, wakasema malaria. Mwingine alivimba tumbo na shingo. Muuguzi anakata miraba miwili kwa mstari wa mshazari. "Na dada zako wana watoto wa kiume?" Mama anafikiri kidogo, kisha anasema dada yake mkubwa alizika kitinda mimba wake wa kiume. Mstari wa tatu. Dakika kumi tu, na karatasi ile inamwambia daktari jambo ambalo vipimo vingi vya damu havitamwambia.

Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi. Huko Marekani na Ulaya watu wengi hukutana na Epstein-Barr wakiwa wakubwa kidogo, wengine wakiwa vijana kabisa, na hapo kifo cha ghafla cha kijana mwenye afya kinazua maswali. Kwetu mtoto anakutana navyo mapema, katika umri ambao homa ni jambo la kila wiki. Ninaamini kwamba watoto wetu wenye kasoro hizi wanakufa kabla ugonjwa wao haujapata jina, na cheti kinaandikwa malaria kali, au maambukizi ya damu. Uhaba wa taarifa za ugonjwa huu katika vitabu vyetu haunifariji. Sehemu kubwa mno ya tafiti za jeni duniani imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na asiyetafutwa haonekani.

Nikishasema kwamba kasoro inapita kwa mama, ninajua kinachoweza kutokea baada ya watu kuondoka ukumbini. Nimewaona akina mama wakibebeshwa vifo vya watoto wao: ameoa mkosi, ukoo wao una laana, amewala wanawe. Ninawaomba muichukue sentensi hii kama ilivyo na muipeleke nyumbani. Hakuna mzazi anayechagua kromosomu atakayompa mtoto. Kila mmoja wetu humu, mwanamume na mwanamke, anabeba kasoro kadhaa asizozijua, na tofauti ni bahati ya zipi zimekutana. Wakati mwingine kasoro huanza upya kwa mtoto na hata mama hanayo. Daktari anayetoa habari hii kwa mama peke yake kwenye korido, kisha akaondoka, amemwacha kwenye hatari. Aitwe baba, waketi wote wawili, waelezwe pamoja, na waelezwe mara ya pili siku nyingine, maana siku ya kwanza hakuna mtu anayesikia vizuri.

Zipo pia kasoro zinazohitaji wazazi wote wawili. Mwaka 1922 madaktari Lewandowsky na Lutz walieleza ugonjwa wa ngozi ambapo mtu tangu utotoni hujaa sugu bapa na mabaka mikononi, usoni na shingoni. Chanzo ni aina za virusi vya papiloma ambavyo kwa sisi wengine hukaa kwenye ngozi bila kudhuru. Miaka inavyokwenda, baadhi ya mabaka yaliyopigwa na jua hugeuka saratani. Stefania Jablonska wa Warsaw na Gérard Orth wa Paris ndio waliouonyesha ulimwengu kwamba hapa kuna saratani ya virusi ndani ya mtu aliyezaliwa na udhaifu, na mwaka 2002 jeni mbili, EVER1 na EVER2, zikajulikana. Kwa saratani iitwayo Kaposi nako kumeonekana hivyo. Virusi vyake viligunduliwa 1994, na ugonjwa wenyewe ulikuwepo Uganda, Kenya na mashariki ya Kongo zamani kabla ya UKIMWI. Mwaka 2013 watafiti walieleza mgonjwa mmoja wa Kituruki aliyeanza kupata Kaposi utotoni, bila VVU, kwa kuwa alirithi jeni ya OX40 iliyoharibika kutoka kwa baba na mama waliokuwa ndugu wa damu. Sisemi kwamba watoto wetu wote wenye Kaposi wana kasoro hiyo. Ninasema inafaa kuulizwa.

Ndoa za mabinamu ni desturi ya heshima katika familia nyingi za pwani yetu na za ndugu zetu wa Oman, nami sikuja kuitukana. Ndugu wa damu wakioana, uwezekano wa wote wawili kubeba kasoro ile ile ya babu mmoja unaongezeka, ingawa watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Familia iliyokwisha kuzika watoto wawili kwa ugonjwa unaofanana ina haki ya kulijua hilo kabla ya kupanga posa nyingine, na ielezwe na mtu anayeiheshimu.

Mpaka hapa nimesema juu ya magonjwa adimu, ambapo jeni moja inatosha kuangusha ulinzi. Saratani za virusi zilizo nyingi kwetu haziko hivyo. Chukueni ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vya papiloma. Sweden, nchi yenye daftari la uzazi na daftari la saratani la miongo mingi, walilinganisha ndugu wa damu na ndugu wa kulelewa. Dada wa damu na mama wa damu wa mgonjwa walikuwa na hatari karibu mara mbili ya kawaida. Ndugu wa kulelewa hatari yao haikuonekana kupanda. Watafiti wakakadiria kwamba karibu robo ya tofauti baina ya mwanamke na mwanamke inatokana na urithi. Hiyo haina maana kwamba mwanamke mmoja kati ya wanne amerithi saratani. Maana yake ni kwamba zipo jeni nyingi, hasa zile zinazoziwezesha chembe za kinga kukitambua kipande cha virusi, na kila moja inasukuma mizani kidogo tu.

Mkitaka kuona uzito wa kinga, tazameni VVU. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita hivi ya asiye navyo. Huo ni udhaifu wa kinga uliopatikana baada ya kuzaliwa, na hapa kwetu unazidi kwa mbali mchango wa jeni zote nilizozitaja. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaotaka tukimbilie vipimo vya jeni kwa kila msichana. Chanjo ya virusi vya papiloma haimuulizi mtu jeni zake. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza 2019. Chanjo ya homa ya ini B nayo, inayomkinga mtu na saratani ya ini, mtoto anaipata kliniki katika zile sindano za miezi ya kwanza. Mzazi aliyemzuia binti yake asichanjwe kwa sababu "kwetu hatuna saratani" amejitegemeza juu ya robo akaacha robo tatu.

Kwa Epstein-Barr hatuna chanjo bado, na hapo ndipo kuijua familia kunapookoa. Mvulana mwenye kasoro ya SH2D1A akitambuliwa kabla ya kuugua, anaweza kupandikizwa uboho wa ndugu anayelingana naye, na chembe mpya zikamjengea kinga aliyoikosa. Zamani tungesema hayo ni ya Ulaya. Lakini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uboho watoto wenye selimundu tangu 2023, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Kinachokosekana ni maabara ya kuthibitisha kasoro za kinga kwa bei ambayo hospitali ya rufaa inaweza kuimudu, na ninawasihi ninyi wa wizarani mliomo humu mlione hilo kama sehemu ya mpango wa saratani ya watoto.

Na kwa mtoto ambaye limfoma imekwisha kumshika, awe na kasoro ya kurithi au asiwe nayo, tiba ipo. Burkitt mwenyewe aliona Kampala uvimbe mkubwa wa taya ukiyeyuka ndani ya siku chache kwa dawa ya saiklofosfamaidi, na baadhi ya watoto wale walipona moja kwa moja. Katika nchi tajiri leo wanapona karibu tisa kati ya kumi. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu kubwa tunazijua: wanachelewa kufika, nauli inaisha katikati ya matibabu, damu na dawa hazipatikani siku zinapohitajika. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya kurithi.

Ombi langu kwa wakuu wa wodi za watoto ni dogo, na halihitaji bajeti. Katika fomu ya kumpokea mtoto mwenye uvimbe wa tezi, au mwenye homa isiyoeleweka na mwili wa njano, ongezeni mistari miwili chini ya historia ya familia: kaka za mama, walio hai na waliofariki, na umri wao walipofariki, na watoto wa kiume wa dada za mama, vivyo hivyo. Mjazaji aandikiwe wazi kwamba aulizwe mama mwenyewe, au bibi mzaa mama kama mama hayupo. Karatasi hiyo isitupwe mtoto anapotoka. Kama mtoto amefariki, ndiyo isitupwe kabisa, kwa sababu huenda nyumbani kwao kuna mdogo wake wa kiume anayenyonya.

Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na akina mama.